Msaragambo wa Mtandaoni na Majirani Wanaoachwa Mlangoni

Ardhi ya Nyeri haimhurumii mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Kuanzia Othaya hadi Mukurweini ni migongo na mabonde yanayofuatana. Njia za vijijini hushuka mtoni na kupanda tena, na masika yakiulowesha udongo mwekundu, hata mwenye miguu mizima hutembea akishikilia ua wa jirani. Kieni kuna tambarare, lakini umbali wa kutoka nyumbani hadi afisi ya wadi unatosha kumkatisha tamaa asiyeona ambaye hana wa kumwongoza. Kwa watu hawa, mkutano wa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti ukiitishwa katika ukumbi wa mjini, huwa umefungwa kabla haujafunguliwa. Ndiyo maana intaneti ilipofika katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Nyeri hadi Nanyuki, Meru, Chuka, Embu na Kerugoya, watu wenye ulemavu walikuwa na sababu kubwa kuliko mtu mwingine yeyote ya kuipokea kwa matumaini. Walau hii ilikuwa barabara isiyo na mwinuko. Hoja ya makala haya ni kwamba barabara hiyo tumeijengea ngazi kwa mikono yetu, hasa pale tunapodai kuwa tunajenga pamoja, na kwamba tunaweza kuzibomoa.

Tovuti ninazozungumzia ni zile ambazo wasomaji wake ndio waandishi wake: Wikipedia, ambayo toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka wa 2003, ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, majukwaa ya kupokea maoni ya wananchi, kurasa za vyuo ambako wanafunzi huandika kazi moja kwa pamoja, na hata makundi ya wakulima kwenye simu. Wakikuyu wana neno la kazi ya namna hii, ngwatio: leo majirani wanakusanyika katika shamba la mmoja, kesho wanahamia kwa mwingine. Waswahili wengine wanaiita msaragambo. Katika kazi hiyo kila mtu hupewa sehemu anayoiweza, na kwa kushiriki anapata haki ya kusaidiwa zamu yake ikifika. Anayezuiwa kushiriki anakosa zamu pia. Vivyo hivyo, tovuti ya pamoja inayomruhusu mwenye ulemavu kusoma lakini ikamfungia kuandika, imemfanya mgeni katika shamba lake mwenyewe. Haki ya kusoma imepiganiwa kwa muda mrefu na bado haijakamilika. Haki ya kuandika, kusahihisha, kupinga na kuongeza ndiyo inayosahaulika zaidi, ilhali hiyo ndiyo inayoamua ni shida za nani zitakazoonekana na ni za nani zitakazopotea.

Watu wanaohusika si wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu 900,000 wenye ulemavu nchini, yaani asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Idadi hiyo inawazidi wakazi wote wa Kaunti ya Nyeri, ambao sensa hiyohiyo iliwapata kuwa 759,164. Embu, kaunti iliyo kwenye miteremko ya mlima huuhuu, ilikuwa na kiwango cha juu zaidi nchini, asilimia 4.4. Tena kipimo kilichotumika kilikuwa kikali: waliohesabiwa ni wale waliosema wana ugumu mkubwa wa kuona, kusikia, kutembea na mengineyo, au hawawezi kabisa. Shirika la Afya Duniani, ambalo kipimo chake ni kipana zaidi, linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, asilimia 16 ya wanadamu wote, wana ulemavu mkubwa. Isitoshe, elimu ya watu hawa ina mizizi mirefu katika eneo hili. Igoji, Meru, kuna shule ya St. Lucy ya wasioona. Tumutumu na Kerugoya kuna shule za viziwi. Na ukishuka hadi Thika utakuta shule ya wasioona iliyoanzishwa mwaka wa 1946, ambako shirika la inABLE lilianza kufundisha kompyuta mwaka wa 2009. Kwa hiyo wapo vijana wanaojua kuandika na wenye la kuandika.

Hebu tuone kinachowakuta. Mtu asiyeona anayetaka kutoa maoni kuhusu barabara ya kijijini hutumia simu ya kawaida ya Android, ambayo ina programu ya kusoma skrini iitwayo TalkBack. Ukurasa hauji mzima kwake kama unavyomjia aonaye. Anapitisha kidole kuelekea kulia, na kila anapopitisha, sauti inamtajia kitu kimoja: kichwa, kiungo, kisanduku, kitufe. Ikiwa mjenzi wa tovuti alivipa vitu hivyo majina, msikilizaji anasikia “jina lako”, “wadi”, “andika maoni”, “tuma”, na kazi inakwisha kwa dakika chache. Ikiwa hakuvipa, anasikia “kisanduku”, “kisanduku”, “kitufe”, “kitufe”, na hana njia ya kujua kama kitufe cha mwisho kinatuma maoni yake au kinayafuta. Penye picha anasomewa jina la faili, msururu wa herufi na tarakimu. Hakuna tangazo lililomkataza kuandika. Amezuiwa na neno moja ambalo mtu hakuliweka nyuma ya kitufe. Kasoro hizi zimeenea duniani kote. Shirika la WebAIM la Marekani, ambalo kila mwaka hukagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, lilipata mwaka wa 2025 kuwa zaidi ya asilimia 94 zilikuwa na kasoro zinazoweza kugunduliwa na mashine, kwa wastani wa kasoro 51 kila ukurasa. Zinazojirudia zaidi ni maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo na visanduku visivyo na majina.

Anayetaka kuandika hukutana na kizuizi ambacho msomaji wa kawaida hakijui. Ili kuwazuia roboti wanaomwaga matangazo, tovuti nyingi za pamoja humtaka anayefungua akaunti asome herufi zilizopindwapindwa ndani ya picha kisha aziandike. Programu ya kusoma skrini haiwezi kuzisoma herufi hizo, kwa sababu zilitengenezwa makusudi ili mashine ishindwe. Matokeo yake ni kwamba mtu asiyeona anahesabiwa pamoja na roboti. Kwenye Wikipedia, lalamiko kuhusu jambo hili lilisajiliwa mwaka wa 2006 na likakaa zaidi ya miaka 15 bila ufumbuzi kamili. Watetezi wa kizuizi hiki wana hoja ya kweli: bila ulinzi, tovuti hujaa takataka na wanaojitolea huchoka kufagia. Lakini ulinzi una njia nyingi. Mtu anaweza kuthibitishwa kwa arafa au barua pepe, kupunguziwa idadi ya machapisho katika siku zake za kwanza, au maandishi yake yakapitiwa na mhariri kabla hayajatokea. Toleo la 2.2 la mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, lililotolewa Oktoba 2023, linataka mtu anayeingia kwenye akaunti asilazimishwe kufumbua fumbo au kukariri jambo bila kupewa njia nyingine. Kijiji hakiwezi kuwafukuza wageni halali kwa kisingizio cha kuwaogopa wezi.

Sisi tunaoandika Kiswahili na lugha za mlimani tuna ngazi nyingine ambayo Waingereza hawaijui. Kila ukurasa unapaswa kubeba alama iliyofichika inayoitajia programu lugha ya maandishi. Alama hiyo ikisema Kiingereza kumbe maneno ni ya Kiswahili, sauti huyasoma kwa kanuni za Kiingereza: “wale” linatoka “weil”, “pole” linatoka “poul”, “mate” linatoka “meit”. Sentensi tatu za namna hiyo zinatosha kumchosha msikilizaji mvumilivu. Sauti ya Kiswahili ipo, tena bila malipo, ndani ya eSpeak, mtambo wa usemaji unaotumiwa na NVDA, programu ya kusoma skrini ya kompyuta iliyoanzishwa Australia mwaka wa 2006 na msanidi asiyeona na ambayo haiuzwi. Kinachokosekana ni mtu wa kuiweka alama sahihi. Kikuyu kina ugumu zaidi, kwa maana herufi zake ĩ na ũ zinaweza kurukwa au kutajwa kama alama na sauti isiyozijua, na katika jukwaa la maoni la Nyeri ni kawaida mtu kuanza kwa Kiswahili, kuingiza methali ya Kikuyu na kumalizia kwa Kiingereza. Jukwaa linaloheshimu watu wake linapaswa kuwapa wachangiaji njia rahisi ya kutaja lugha ya kila kifungu.

Hadi hapo lawama nyingi ni za mjenzi. Lakini tovuti ya pamoja ina sura ya pili: kila anayechangia ni mjenzi, na kwa hiyo kila mmoja anaweza kuweka jiwe njiani bila kujua. Karani anachukua waraka uliopigwa muhuri, anauskani, kisha anaupandisha kama picha. Anayeona anausoma, asiyeona anasikia kimya. Mwanachama anapiga picha bango la mkutano wa ushirika wa kahawa na kulitupa kundini bila kuandika tarehe wala mahali. Kiongozi anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu bei ya mbolea, na kiziwi aliye mwanachama halali na anayelipa ada kama wengine hajui kilichoamuliwa. Hakuna hata mmoja kati ya hawa mwenye nia mbaya. Ndiyo sababu mafunzo ya wataalamu wa kompyuta peke yao hayatoshi, na ndiyo sababu kifaa cha kuandikia chenyewe lazima kifundishe. Mwaka wa 2015 shirika la W3C, linalosimamia kanuni za mtandao, lilitoa toleo la pili la mwongozo wa vifaa vya kuandikia. Una madai mawili: kifaa kiweze kutumiwa na mwandishi mwenye ulemavu, na kimsaidie kila mwandishi kutoa kazi inayofikika. Kwa vitendo, mtu akipandisha picha, kisanduku kinafunguka papo hapo na kumuuliza, “Picha hii inaonyesha nini?” Akipandisha video, anaulizwa manukuu yake yako wapi. Swali likiulizwa mara mia moja linakuwa mazoea, na mazoea ya wengi ndiyo yanayoisafisha tovuti.

Kwamba jambo hili linawezekana, Kenya ina ushahidi wake, tena kwa jina hilohilo. Mnamo Januari 2008, katikati ya ghasia zilizofuata uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliunda kwa siku chache tovuti iitwayo Ushahidi, iliyokusanya taarifa za wananchi kuhusu matukio na kuyaonyesha kwenye ramani. Aliyekuwa na kompyuta alijaza fomu; aliyekuwa na simu ya mulika mwizi alituma arafa. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoiharibu Haiti, mfumo huo ulipokea ujumbe mfupi kutoka kwa waathiriwa na watu wa kujitolea waliokuwa mbali wakautafsiri. Wabunifu wake hawakuwa wakifikiria ulemavu hasa, lakini waligundua kanuni ambayo harakati za watu wenye ulemavu zimeihubiri kwa miaka: wape watu milango kadhaa ya kuingilia, kisha yote waliyoleta yakutane mahali pamoja. Kuhusu uwezo wa kuandika, Wikipedia ya Kiingereza ina mhariri asiyeona kutoka Australia aliyeanza mwaka wa 2005, akafikia ngazi ya msimamizi, na kwa miaka mingi akarekebisha maelfu ya kurasa akisikiliza programu ya kusoma skrini. Penye mlango, watu wenye ulemavu wameingia na kuwahudumia wengine.

Pingamizi la kwanza ni kwamba shida za watu wenye ulemavu mlimani ni za msingi zaidi: viti vya magurudumu, fimbo nyeupe, karo, ajira. Ni kweli, na asiyelikiri hilo hajui maisha yao. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti. Kwa sababu hiyo baraza la chifu lisifungwe, fomu za karatasi zisiondolewe, na mkalimani wa lugha ya ishara aendelee kualikwa ukumbini. Lakini anayesema tusubiri mahitaji ya msingi yatimizwe kwanza anasahau jinsi mahitaji hayo yanavyopatikana. Kiti cha magurudumu hununuliwa kwa bajeti. Bajeti hupangwa kufuatana na maoni yaliyopokelewa. Na maoni yanazidi kupokelewa mtandaoni. Mwaka wa 2024, Mswada wa Fedha ulijadiliwa kwa nguvu zaidi kwenye simu kuliko katika ukumbi wowote, na sehemu kubwa ya ufafanuzi wake ilisambazwa kwa picha za maandishi na video. Asiyeweza kuchangia pale sauti inaposikika atabaki kuombewa na wengine, na mwombewaji hupata kile mwombaji alichokumbuka.

Pingamizi la pili ni gharama. Wapo wanaoona ufikivu kama kazi ya nakshi, ya kuongezwa fedha zikibaki. Ukweli ni kwamba gharama kubwa hutokana na kuchelewa: aliyemaliza kujenga nyumba yenye ngazi analipa mara mbili, kwanza kuzijenga na kisha kuzibomoa ili aweke mteremko. Kuipa picha maelezo hakugharimu shilingi. Kukipa kitufe jina hakugharimu shilingi. Maandishi meusi kwenye nyeupe hayazidi bei ya kijivu kwenye nyeupe, na yanamfaa pia mkulima wa Tetu mwenye miaka 70 ambaye macho yamepungua nguvu, na mama mboga wa soko la Karatina anayesoma simu juani saa sita mchana. Ukurasa mwepesi unaosomeka vizuri na programu ya kusoma skrini hula bando kidogo kwa kila mtu. Zipo kazi zinazogharimu kweli, kama vile ukalimani wa lugha ya ishara na manukuu ya video ndefu, na hizo zinastahili kuwekewa fedha waziwazi badala ya kutegemea hisani ya mfanyakazi mmoja.

Pingamizi la tatu ni jipya: akili bandia itafanya yote, basi kuna haja gani ya kuwasumbua watu? Mashine imeendelea kweli, na kwa asiyeona, maelezo ya mashine ni bora kuliko kimya. Lakini tuiangalie kwa karibu. Ukiipa mashine picha ya mkutano wa wakulima, inaweza kusema, “Watu kadhaa wamesimama mbele ya jengo la mabati.” Aliyeipiga anajua kuwa hicho ni kiwanda cha kahawa cha kijiji, kwamba aliyeshika karatasi ni mweka hazina mpya, na kwamba wanachama walikuwa wakidai malipo ya msimu uliopita. Maana ya picha iko kwa aliyeiweka, na tovuti ya pamoja ina bahati ya kuwa na watu wa aina hiyo kwa wingi. Mashine na ipendekeze. Mwanadamu asahihishe na kuidhinisha. Tovuti inayobandika kifaa cha mkato juu ya msingi mbovu, halafu ikatangaza kuwa imewafikia wote, imeficha ufa kwa kalenda ya ukutani.

Kwa upande wa sheria, Kenya haina upungufu wa maneno. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia maeneo, usafiri na habari, na kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Kifungu cha 196 kinaliagiza bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki katika shughuli zake. Mwaka wa 2008 nchi iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mwaka wa 2022 ikapata viwango vyake vya ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari, KS 2952. Na Mei 2025 Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Ukivisoma vifungu vya 54 na 196 pamoja, utaona kuwa ushiriki na ufikivu ni haki moja yenye pande mbili. Kinachokosekana ni ukaguzi wa kila siku, kwa sababu sheria haiwezi kusikiliza tovuti na kugundua kuwa kitufe hakina jina.

Ukaguzi huo unaweza kuanzia hapa. Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na Chuo Kikuu cha Karatina. Chuka, Embu na Meru zina vyuo vikuu vyao. Kila mwaka wanafunzi wa kompyuta katika vyuo hivi hujenga tovuti na programu za kuhitimu, na hakuna kinachowazuia wahadhiri kudai kwamba kazi isiyotumika kwa kibodi peke yake au kwa programu ya kusoma skrini haijakamilika. Kaunti inayonunua jukwaa la maoni iandike sharti la KS 2952 ndani ya zabuni na izuie malipo ya mwisho hadi majaribio yafanyike. Watakaojaribu wawe watu wenye ulemavu wenyewe, na walipwe kama wakaguzi wengine wanavyolipwa, maana ujuzi wao ni kazi. Vyama vya ushirika na makundi ya simu yaweke kanuni mbili tu: kila bango lifuatwe na maneno yake, na kila ujumbe wa sauti ufuatwe na muhtasari wa maandishi.

Kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya warsha wala cheti kilichotundikwa ukutani. Jukwaa jipya likiwa tayari, kabla ya utepe kukatwa na hotuba kutolewa, simu apewe kijana aliyesoma Igoji, na nyingine apewe kijana aliyesoma Tumutumu. Kila mmoja afungue akaunti, asome maoni ya jirani yake, aandike ya kwake, asahihishe neno alilolikosea na abonyeze kitufe cha kutuma bila mtu kumshika mkono. Maoni yao yakitokea chini ya majina yao, utepe na ukatwe.